Mtoto anacheua: je, programu ya simu inaweza kujua kama ni ugonjwa?

Najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za Linux, simu za bei nafuu na manung'uniko yangu kuhusu intaneti inayokatika mvua ikinyesha. Leo nawaletea habari za matapishi ya mtoto. Msinikimbie, kompyuta zimo ndani.

Mdogo wangu wa kike amejaliwa binti. Mpwa wangu huyu alipofikisha wiki kama tano hivi akaanza kucheua. Akinyonya, maziwa yanarudi. Akibebwa begani, maziwa yanarudi. Kanga za mamake zikawa haziishi kufuliwa. Kisha kukaja kilio cha jioni, na kujinyonga mgongo kama upinde baada ya kunyonya. Alipelekwa kliniki moja ya kibinafsi (jina nalihifadhi) na baada ya dakika chache, bila mtoto kuwekwa kwenye mizani, mamake akaambiwa mtoto ana "asidi". Akaandikiwa dawa ya maji ya kupunguza asidi na kushauriwa afikirie maziwa ya kopo. Bei ya hayo maziwa ya kopo naomba msiniulize.

Akanipigia simu. "Kaka, wewe si ulisomea kompyuta? Nitengenezee kitu humu kwenye simu, nijibu maswali, kiniambie kama kweli mtoto ana huo ugonjwa. Nikiambiwa anao nitanunua dawa. Nikiambiwa hana nitalala."

Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni ombi tamu. Maswali yanaingia, jibu linatoka. Basi kabla sijaandika hata mstari mmoja nikakaa kusoma madaktari wenyewe huutambua vipi ugonjwa huu kwa watoto. Niliyoyakuta ndiyo makala haya.

Tuanze na bomba lenyewe. Chakula hupita kwenye umio kwenda tumboni, na pale mwisho wa umio pana msuli wa mviringo unaofanya kazi ya vali: chakula kipite chini, kisirudi. Lakini msuli huo hulegea mara kwa mara hata pasipo kumeza kitu. Hulegea kwako, hulegea kwangu. Kwa mtu mzima kinachopanda ni tindikali kidogo, nasi watu wa pwani tuna neno lake la siku nyingi: kiungulia. (Siku hizi kila mwenye kiungulia Kenya hujitangaza ana "alsa", lakini hayo ni ya makala nyingine.) Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti: tumbo dogo, chakula ni maziwa matupu, na muda mwingi amelala chali. Vali ikilegea, maziwa yanapanda.

Ni wangapi hucheua? Huko Chicago na vitongoji vyake mwaka 1997 ulichapishwa utafiti uliowauliza wazazi wa watoto zaidi ya 900. Kwa watoto wa miezi 0 hadi 3, nusu walikuwa wakicheua angalau mara moja kwa siku. Katika mwezi wa 4 wakafika asilimia 67. Kisha grafu inaporomoka: miezi 10 hadi 12 walibaki asilimia 5 tu. Hebu itazame hiyo grafu kwa jicho la mtu wa programu. Hitilafu inayowapata theluthi mbili ya watumiaji, kisha inajiondoa yenyewe bila mtu kugusa kitu, hiyo si hitilafu. Ndivyo mfumo ulivyoundwa.

Ndiyo maana madaktari wana majina mawili. Kuna kurudi kwa maziwa tu, ambako si ugonjwa. Na kuna ugonjwa, pale kurudi huko kunapoleta madhara: mtoto haongezeki, anakataa kunyonya, umio unachubuka, maziwa yanaingia mapafuni. Kinachorudi ni kile kile kwa wote wawili, tofauti iko kwenye madhara. Sasa niambie programu itayaonaje madhara.

Maswali yapo tayari, sikuwa na haja ya kuyabuni. Daktari Susan Orenstein wa Pittsburgh na wenzake walitunga orodha ya maswali kwa wazazi wa watoto wachanga, na toleo lililorekebishwa lilichapishwa mwaka 2006. Maswali ni 12, alama za juu kabisa ni 42, na mtoto akifika 16 anahesabiwa kuwa huenda ana ugonjwa. Mara ngapi kwa siku maziwa hurudi? Kiasi gani? Hulia baada ya kunyonya? Hukataa kunyonya hata akiwa na njaa? Hujinyonga mgongo? Ana kwikwi? Aliwahi kukatika pumzi au kugeuka rangi? Kuyaweka kwenye simu ni kazi ya jioni mbili, na jioni ya pili ni ya kuchagua rangi ya vitufe.

Kigumu ni kuyauliza kwa Kiswahili. Nilijaribu kwa mdogo wangu: "Mtoto anatapika mara ngapi kwa siku?" Akanijibu, "Hatapiki. Anacheua." Nyanya yetu aliyekuwa ameketi kwenye mkeka akaongeza, bila hata kuinua macho, kwamba mwenye kutapika humwona tumbo likijikaza, na mwenye kucheua humwagikwa tu kama chungu kilichojaa. Nimepitia kurasa nyingi za madaktari nikitafuta tofauti hiyo ielezwe wazi namna hiyo. Kwa kweli ni tofauti wanayoitumia: vigezo vya Roma, ambavyo wataalamu wa tumbo la watoto huvifuata, huhesabu kurudi kwa maziwa mara mbili au zaidi kwa siku, kwa wiki tatu au zaidi, kwa mtoto wa kati ya wiki 3 na miezi 12, bila kichefuchefu cha kujikamua, bila damu, bila kukatika pumzi, bila kudumaa, kuwa ni kucheua kwa kawaida. Kwa hiyo neno utakalochagua kwenye swali la kwanza linaweza kuharibu majibu yote yanayofuata. Mama wa Gede ukimuuliza kuhusu kutapika atasema sifuri, na sifuri yake ni ya kweli.

Halafu kuna lile swali la mgongo. Kwetu huku mtoto akijinyonga, akageuza shingo na kukaza mwili, wazee hawafikirii tumbo. Hufikiria nyuni, yule ndege wa degedege. Na usicheke, maana pwani hii degedege ni kitu kinachoua. Mtoto mwenye homa anayetetemeka huenda ana malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hapo hakuna kusubiri. Lakini mwaka 1964 daktari Marcel Kinsbourne aliandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto waliokuwa wakipinda shingo na mwili kwa namna ya ajabu, na chanzo kikaonekana kuwa tumboni: sehemu ya tumbo imepanda kupitia kiwambo, na chakula kinarudi. Hali hiyo leo inaitwa kwa jina la daktari Paul Sandifer. Hata mabingwa huichanganya na kifafa. Je, kitufe cha "ndiyo" au "hapana" kitaitambua?

Hapa ndipo simu ilipofaa, ila si kwa programu yangu. Mdogo wangu alikwenda kwenye zahanati ya serikali, na afisa wa kliniki aliyemwona akamwambia, "Mama, akifanya hivyo tena usinieleze, mpige video." Akapiga tatu. Kwenye video zote mtoto ametoka kunyonya, anajipinda, uso mwekundu, lakini macho yanamfuata mamake, na akiinuliwa begani inaisha. Hakuna mkono unaorukaruka, hakuna usingizi mzito baadaye, hakuna homa. Yule afisa alizitazama mara mbili mbili kisha akamweleza nyanya, kwa heshima zote, kwa nini safari hii haoni degedege. Sekunde 40 za video kutoka simu iliyopasuka kioo! Mimi kazi yangu ni programu, na nakiri hakuna programu ambayo ingefanya hivyo.

Labda unauliza: mbona hawakumpima kwa mashine? Mashine zipo duniani, na kila moja ina kasoro ambayo mtu wa kompyuta ataielewa upesi.

Picha ya eksirei baada ya kunyweshwa bariamu huonyesha dakika chache tu za siku nzima. Maziwa yakipanda wakati huo, umeona kitu ambacho watoto wazima pia hufanya. Yasipopanda, hujui kitu. Faida yake ni kuona umbo: utumbo uliojipinda, njia iliyobana. Endoskopi, ile kamera inayoingizwa kupitia mdomoni, huona michubuko na kuchukua kipande kidogo cha nyama ya kupimwa, lakini mtoto lazima alazwe usingizi, na umio unaweza kuonekana safi hali shida ipo.

Ninayoipenda ni ya tatu, kwa sababu ni kinasa data. Mrija mwembamba hupitishwa puani hadi kwenye umio na kuachwa saa 24. Tangu miaka ya 1970 ulipima tindikali, yaani kila pH inaposhuka chini ya 4 kinasa huhesabu. Basi fikiria mtoto mchanga anayenyonya kila baada ya saa mbili tatu. Tumbo lake limejaa maziwa, na maziwa hupoza tindikali. Yanapopanda yana pH ya juu kuliko 4, na kinasa hakioni kitu! Ndiyo sababu mirija ya kisasa ina pia vihisi vya umeme vinavyotambua kitu chochote cha majimaji kikipanda, kiwe kikali au la. Hata hivyo namba hizo peke yake hazitoshi. Mzazi hupewa daftari au kitufe: mtoto amelia saa ngapi, amekohoa saa ngapi, amenyonya saa ngapi. Baadaye muda wa vilio hulinganishwa na muda wa maziwa kupanda. Yaani kifaa cha bei hiyo yote bado kinamhitaji mama aliye macho usiku na kalamu mkononi.

Mwongozo mkubwa wa madaktari wa tumbo la watoto wa Marekani ya Kaskazini na Ulaya, uliotolewa mwaka 2018, unasema waziwazi kwamba hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuwa hakimu wa mwisho wa ugonjwa huu kwa watoto. Hakuna. Nilisoma mstari huo usiku, nikafunga kipakatalishi nikaenda kunywa maji. Orodha ya maswali niliyotaka kuitia kwenye simu inapimwa kwa kulinganishwa na nini, basi?

Inabaki njia ya mkato, ile ya kliniki ya kwanza: mpe dawa, akipona ndiyo huo ugonjwa. Kwa mtoto mkubwa, tuseme wa miaka kumi, anayeweza kukuonyesha kwa kidole kwamba kifua kinaungua, mwongozo huo unaruhusu kujaribu dawa ya kupunguza asidi kwa wiki 4 hadi 8. Kwa mchanga, haupendekezi. Ni kwa nini? Rudi kwa Orenstein huyo huyo. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wachanga 162 waliokuwa na dalili. Nusu walipewa lansoprazoli, nusu wakapewa dawa bandia isiyo na kitu, wala wazazi hawakujua nani kapewa nini. Baada ya wiki 4, waliopata nafuu kwa dawa walikuwa asilimia 54. Kwa dawa bandia? Asilimia 54. Sawa sawa! Nusu ya watoto walikuwa wakipona hata kwa kunyweshwa maji matamu, kwa sababu walikuwa wakikua.

Kila programa anaijua hali hii. Seva inakwama, unabadilisha mstari mmoja, unaiwasha upya, inafanya kazi, nawe unaenda kusimulia kwamba mstari ule ndio ulioponya. Kumbe ni kule kuwasha upya.

Tena si bure. Katika utafiti huo, matatizo makubwa ya kiafya, hasa maambukizi ya mapafu, yaliwapata watoto 10 wa kundi la dawa na 2 wa kundi la pili. Tindikali ya tumbo ina kazi yake ya kuua vijidudu. Kwetu Kilifi nimonia ni jina linalojulikana kila nyumba. Chanjo ya nimokoko ilipoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, Kilifi ndiko watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walikofuatilia matokeo yake kwa makini. Kumpa mtoto anayecheua dawa inayoweza kumfungulia mlango wa nimonia, kwa ajili ya kujaribu tu, si jambo dogo.

Kuna jaribio jingine ambalo mimi naliona la kiungwana zaidi. Watoto wengine hawana shida ya asidi hata kidogo, miili yao inakataa protini ya maziwa ya ng'ombe, na dalili zinafanana mno. Kama mtoto ananyonya na kucheua kumekuwa shida kweli, mama huacha maziwa ya ng'ombe na vyote vyenye maziwa kwa wiki 2 hadi 4. (Pwani hii hiyo maana yake ni chai ya rangi asubuhi na jioni. Poleni, akina mama.) Mtoto akipata nafuu, mama anarudia maziwa kwa makusudi. Dalili zikirudi, umepata jibu. Zima, washa, uone kama hitilafu inarudi. Huko kuwasha tena ndiko kunakoonyesha kama nafuu ilitokana na maziwa au ni umri tu. Jaribio hili lifanyike mhudumu wa afya akijua, si kwa ushauri wa mjomba mwenye blogu.

Sasa turudi zahanati, kwa muuguzi ambaye hakuuliza swali hata moja kati ya yale 12. Alisema, "Kitabu kiko wapi, mama?" Ni kile Kijitabu cha Mama na Mtoto ambacho kila mzazi Kenya hupewa. Ndani mna mchoro wa ukuaji, na mtoto hupimwa kila akija chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14. Mpwa wangu alizaliwa na kilo 3.1. Wiki ya 6, kilo 4.6. Wiki ya 10, kilo 5.4. Muuguzi akaweka nukta zake, akaziunganisha kwa kalamu, mstari ukapanda sambamba na ule uliochapishwa. Akamwonyesha mamake kwa kidole: "Anachorudisha ni kingi kwa macho yako. Lakini kinachobaki kinamtosha." Kinasa data cha miezi miwili na nusu kilikuwa ndani ya mkoba wa nepi muda wote huo, nayo kliniki ya kwanza haikuomba kukiona.

Hakuacha hapo. Alimtajia mambo ambayo akiyaona asingoje kesho: matapishi ya kijani, maana hiyo ni nyongo na huenda utumbo umefunga. Damu. Kutapika kwa nguvu kunakoruka mbali, hasa wiki za mwanzo, naye mtoto akabaki na njaa, kwani huenda njia ya kutokea tumboni imebana na inahitaji upasuaji. Tumbo kuvimba na kuwa gumu. Utosi kuvimba, homa, mtoto kulegea au kuzubaa. Kushindwa kunyonya, au kutapika kila kitu. Degedege. Uzito kusimama au kushuka. Na kutapika kunakoanza baada ya miezi sita, au kusikokwisha baada ya mwaka, nako kuchunguzwe. Mengine kati ya hayo yamo kwenye ule mwongozo wa WHO na UNICEF ambao zahanati zetu huutumia kwa watoto wagonjwa, ule wenye masanduku ya "kama ndiyo, nenda huku". Nimeupitia kama ninavyopitia programu ya mtu mwingine. Sanduku la kiungulia cha mtoto mchanga halimo. Mwanzoni niliona ni upungufu. Sasa naona waliouandika walijua wanachotafuta: wa hatari apatikane kwanza, jina la ugonjwa litafuata.

Ushauri uliobaki ulikuwa mfupi: anyonyeshwe kidogo kidogo na mara nyingi zaidi, ashikiliwe wima baada ya kunyonya, alazwe chali kama kawaida, maziwa ya kopo ya nini.

Basi programu nimeandika, maana niliahidi, lakini si ile niliyoombwa. Haina alama wala 16 wala 42. Inafanya kazi bila intaneti. Ina vitufe vitatu vikubwa: kanyonya, kacheua, katapika, na kila kimoja kinahifadhi saa. Ina mahali pa kuingiza uzito kutoka kwenye kijitabu. Ina kitufe cha video. Na ina ukurasa mmoja mwekundu wa zile dalili: ukigusa yoyote inakuambia neno moja, HOSPITALI, bila kukuuliza swali la pili. Jina la ugonjwa halitajwi popote. Mdogo wangu aliitumia siku nne akasema inamchosha, afadhali daftari. Video bado anapiga.

Wiki ya 14 mtoto alikuwa kilo 6.1. Bado anacheua, tena shati langu jeupe la harusi ya juzi ni shahidi.

Nina swali kwa walio Lamu, Pemba, Mombasa, Bukavu na kwingineko: kwenu mtoto akirudisha maziwa bila kujikamua mnasemaje? Nahitaji neno la kitufe cha pili, kwa sababu rafiki yangu wa Nairobi alipoona "kacheua" aliniuliza kama programu ni ya ng'ombe.